Data ya Bure Hugharimiwa na Nani?

Juzi nilikuwa nikifuta mafaili ya zamani kwenye tarakilishi yangu nipate nafasi kidogo, nikakutana na moja linaloitwa "hesabu ya mwisho". Nikalifungua. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Ngoja niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi fulani cha watafiti kilinipa kazi ya kutengeneza programu ya kukusanya data ya jaribio la dawa. Wakati huo walikuwa wakitumia karatasi. Mhudumu anajaza fomu kwa kalamu, fomu inasafirishwa kwa gari hadi ofisini, makarani wawili wanaiingiza kwenye tarakilishi kila mmoja kivyake, halafu mashine inaonyesha walipotofautiana. Hapo mtu anarudi kuitafuta karatasi yenyewe. Mimi nilipoona hayo nikajua nimepata ulaji. Nikawaahidi: nipeni simu za kutosha, nami nitapunguza gharama yenu kwa nusu.

Programu ilifanya kazi vizuri, sina lawama nayo. Lakini mradi ulipokwisha, mhasibu aliniita akanionyesha hesabu. Karatasi na makarani vilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Pesa nyingi zilikwenda kwa petroli, boda boda, mishahara ya wanaozunguka vijijini kuwafuatilia wagonjwa, na wakaguzi wanaolinganisha tulichoandika na faili la hospitali, mstari kwa mstari. Nilikuwa nimepunguza gharama ya kuandika. Gharama ya kumpata mtu ilibaki pale pale.

Mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi nyanjani alikuwa ameniambia mapema, nami sikumsikia: "Kijana wangu, hiyo simu yako ni nzuri, lakini haina miguu."

Kisa kilichonifungua macho ni cha mama mmoja aliyekuwa kwenye jaribio lile. Alikosa kuja kliniki. Mzee akaenda kwake mara tatu, akakuta mlango umefungwa. Programu yangu ikamweka kwenye orodha nyekundu: "hajapatikana". Karibu wiki saba baadaye tukagundua kwamba alikuwa amelazwa, tena katika hospitali ile ile tuliyokuwa na ofisi, wodi ya pili kutoka kwetu! Kwenye daftari la wodi aliandikwa kwa jina la mumewe. Sisi tulikuwa na jina la babake.

Mama alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini hebu fikiria. Mtu aliye kwenye jaribio la dawa akilazwa, watafiti wanapaswa kujua mara moja, kwa maana huenda dawa ndiyo iliyomlaza. Sisi tulitumia nauli mara tatu kutafuta habari iliyokuwa imekwisha andikwa, ukuta mmoja tu kutoka tulipoketi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi wenzetu wanavyofanya, na mfano ninaoupenda zaidi unatoka Uswidi. Huko kuna rejista ya taifa ya magonjwa ya moyo iitwayo SWEDEHEART, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha rejista kadhaa zilizokuwepo tangu miaka ya 1990. Mgonjwa akifika na shambulio la moyo, daktari anaingiza habari zake humo kama sehemu ya kazi ya kila siku, utafiti uwepo au usiwepo.

Mwaka 2010 watafiti wakajiuliza swali: kabla ya kuzibua mshipa wa moyo, je, kuinyonya damu iliyoganda kwa mrija huokoa maisha? Badala ya kuunda mfumo mpya wa fomu, waliongeza sehemu ndogo ndani ya rejista ile ile. Mgonjwa akikubali, daktari anabonyeza, na mfumo unampangia kundi kwa bahati nasibu. Nani amefariki? Hakuna wa kupanda boda boda kwenda kuuliza. Kila mkazi ana namba yake, mfumo ulioanza mwaka 1947, na rejista ya watu inajibu.

Jaribio hilo, TASTE, liliwagawa wagonjwa 7,244, na matokeo yakatoka mwaka 2013. Katika siku 30 walifariki asilimia 2.8 ya walionyonywa damu na asilimia 3.0 ya wasionyonywa, yaani hakuna tofauti ya maana. Gharama ya ziada ilitajwa kuwa takriban dola 300,000. Gawanya mwenyewe: dola 41 hivi kwa mgonjwa. Majaribio ya kawaida ya kujaza fomu hula maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja.

Sasa, wanaprogramu wenzangu, msikimbilie kushangilia kama nilivyofanya mimi. Tazameni neno "ziada". Hizo dola 41 hazihesabu miaka ya kujenga rejista, mishahara ya wauguzi wanaoijaza, wala kazi ya kuitunza, ambayo serikali na mikoa ya Uswidi huigharimia. Haba na haba hujaza kibaba, na watafiti walifika kibaba kikiwa kimeshajaa. Tena mrija wenyewe ulikuwa tayari ukitumika hospitalini. Dawa mpya ambayo haijulikani usalama wake ingehitaji macho mengi zaidi.

Na kuna kinachopatikana kwa njia ya jasho. Swali lile lile liliulizwa na jaribio jingine, TOTAL, lenye wagonjwa 10,732 katika nchi 20, ambako kamati maalumu ilichunguza matukio ya wagonjwa. Matokeo yake ya mwaka 2015 nayo hayakuona faida, ila yaliona kiharusi kimeongezeka kwa walionyonywa damu. Rejista hujibu vizuri maswali iliyojengewa: yu hai au amefariki, amelazwa au la. Ukitaka kujua maumivu yake, au kama anazimeza dawa kweli, utamtuma mzee wangu na miguu yake.

Je, sisi hatuwezi? Pale Kilifi, tangu mwaka 2000, watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama, katika eneo lenye watu zaidi ya robo milioni. Mtu wa eneo hilo akilazwa katika hospitali ya Kilifi, habari zake huunganishwa na namba yake katika rejista hiyo. Kwa hiyo inawezekana. Lakini imejengwa kwa miguu, mwaka baada ya mwaka.

Kwingineko tatizo letu ni lile linalojulikana na kila aliyewahi kuunganisha majedwali mawili: hakuna ufunguo wa pamoja. Kitambulisho hutolewa mtu akitimiza miaka 18, na watoto ndio wengi katika tafiti za malaria na chanjo. Majina nayo hubadilika kwa ndoa, kwa dini na kwa karani aliyechoka. Na siku tutakapoupata ufunguo huo, tukumbuke kwamba unafungua milango yote. Sheria ya kulinda data tunayo tangu mwaka 2019, na habari za hospitali si za kuchezea.

Siku hizi mtu akiniomba programu ya kukusanya data, simwahidi nusu ya gharama tena. Namuuliza kwanza: habari hii haijaandikwa tayari mahali pengine? Kisha namwomba anipeleke wodini nikalione daftari.

Lile faili sijalifuta.