Ile Cherehani, Koku

Bukoba

Mjukuu wangu Koku,

Goti la babu yako linamsumbua. Buni tumeshaanika.

Nimesikia umeuza cherehani. Nilibisha, mpaka shangazi yako akaapa: fedha yote umempa nabii, "umepanda mbegu" ili mumeo arudi, naye akakupa chupa ya mafuta ya upako. Cherehani ile niliinunua kwa buni ya misimu miwili. Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Mwaka 1974 nilizika watoto wawili, mmoja Februari, mwingine Julai. Nikamsingizia wifi yangu uchawi, nikaacha kanisa, nikajifungia ndani. Wakaja akina mama wa ushirika, wale wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika hadi kwetu. Hawakunihubiria. Walipalilia migomba, wakachota maji, wakakaa nami mkekani, siku baada ya siku. Jioni moja nikasema yote: chuki yangu kwa Mungu, uongo wangu juu ya wifi. Tukalia, tukaomba. Kesho yake nikampigia wifi magoti uani kwake, watoto wake wakitazama. Hakunijibu. Wiki ya tatu akaja mwenyewe na mkungu wa ndizi. Wanangu sikurudishiwa, na bado nawalilia, lakini nililala usiku ule, na jina la Yesu likarudi kinywani mwangu. Hakuna aliyenidai hata senti.

Soma 2 Wafalme sura ya 5. Elisha alikataa zawadi za Naamani. Gehazi, mtumishi wake aliyezikimbilia, aliondoka na ukoma. Ndugu za babu yako walitucheka, eti sisi watu wa uamsho, walokole, tumerukwa na akili. Mbona Askofu Kibira, aliyechaguliwa 1977 kuongoza shirikisho la Walutheri duniani, alikuwa mtu wa uamsho huohuo?

Usikope. Usimseme vibaya mumeo mbele ya watoto. Kula.

Mumeo ameondoka miezi saba sasa, na hata mama yako hukumwambia. Unajipaka mafuta usiku, peke yako, mlango umefungwa. Hapo ndipo ninapoogopa, Koku. Nani anakaa nawe mkekani?

Nauli nimemtumia shangazi yako. Njoo na watoto. Ushirika ni Jumamosi saa tisa, hapa kwangu, na wifi yangu yule atakuwepo.

Bibi yako