Punda wa Kwanza Njia ya Galula

Mwaka 1984 gari lilikuwa adimu kwetu Mbangala kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliipata kwa foleni. Petroli ilikuwa shida nchi nzima. Ukitaka mchele na samaki wa Ziwa Rukwa, unateremka bondeni kwa miguu kwa njia ya Galula, unalala kwa ndugu, unarudi na mzigo kichwani. Wakati huo tulikuwa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe, ambao ndio wetu sasa, ulikuja kuzaliwa 2016.

Nilikuwa binti mdogo, nafuatana na shangazi na wenzake. Tuliondoka alfajiri, karanga zimefungwa kwenye viroba, kila mwanamke na kata yake ya kitambaa utosini. Kwenye miombo mbung'o walitushukia migongoni, basi kila mtu alivunja tawi la majani, wa nyuma akimfukuzia aliye mbele yake. Hakuna aliyeelekezwa, ndivyo msafara ulivyotembea. Wazee walisema hata miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipoanza kuvuta wazungu, mizigo yao ilipita porini humu vichwani mwa wapagazi. Farasi hakai kwenye mbung'o. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, inammaliza.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Kupanda na debe la mchele juani shingo inakaza mpaka huwezi kugeuka kumtazama anayekuita. Shangazi alikuwa na uvimbe mgumu nyuma ya shingo, na wenzake wengi walikuwa nao. Wanaume walitembea na fimbo na redio. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Safari moja, tukiwa bado bondeni, mwiba ulinichoma kisiginoni ukavunjikia ndani. Nilichechemea mpaka nikakaa chini. Nyuma yetu alikuja mzee wa Kisukuma na mkewe, wanafuata ng'ombe wao; miaka hiyo Wasukuma walikuwa wanahamia Rukwa kutafuta malisho. Walikuwa na punda watatu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza mtoto ana nini.

Akamsimamisha punda mmoja, akashusha sogi la ngozi. Nikaona jinsi lilivyoshonwa: mifuko miwili imeungana, inaning'inia huku na huku, na kamba imepita chini ya mkia ili mzigo usiteleze kwenye mteremko. Akanipandisha, akanisogeza nyuma karibu na kiuno cha mnyama, akasema hapo ndipo mtu hukaa, mbele unamuumiza mabega. Mke wake akachukua debe la shangazi bila kuombwa, akagawa mchele sawasawa pande mbili za sogi la punda mwingine. Upande ukizidi, alituambia, punda anachubuka mgongo, na donda la mgongo haliponi akiwa kazini.

Kwenye kijito punda wangu aligoma. Maji yenyewe hayakufika magoti. Mzee hakumpiga; aliwapitisha wenzake kwanza, akasimama ng'ambo akaongea naye Kisukuma taratibu, mpaka akavuka mwenyewe. Shangazi alikuwa pembeni yangu, mikono mitupu. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona akitembea njia ile akiwa ameinua uso. Alikuwa anatazama milima, ananionyesha miti kwa majina.

Mavuno yaliyofuata shangazi aliuza karanga na mbuzi wawili, akanunua punda jike. Shemeji zake walisema mwanamke ameleta mkosi nyumbani. Hakuwajibu. Majirani walianza kuja kuazima, kwanza kwa ajili ya maji, halafu kupeleka wagonjwa kutibiwa Mkwajuni, na waliosema mkosi nao wakaja.

Leo Mbangala kuna bodaboda na magari ya mgodi wa New Luika. Punda tulianza kuwasikia kwa jambo lingine: ngozi zao kutafutwa nje ya nchi. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, nilimpigia simu binti ya shangazi. Alikuwa ameshasikia. Yeye bado anafuga wanne, na wawili ni wa uzao wa yule jike.