Starlet ya Ami

Vijana wa Unguja wa miaka ya tisini tulizijua gari kwa sauti kabla hazijakata kona. Biashara ilikuwa imefunguliwa tangu katikati ya miaka ya themanini, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, na bidhaa za Dubai zikawa zinashuka bandarini Malindi bila kukatika: redio, vitambaa, mafriji, na gari za Kijapani zilizokwisha tumika. Peugeot na Datsun kongwe zikaanza kusogezwa pembeni. Zikaja Corolla, zikaja Suzuki, zikaja Starlet, mpaka Creek Road, ambayo siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa, ikawa Starlet mbele na Starlet nyuma.

Chache katika hizo zilikuwa na tundu juu ya boneti. Tundu lile halikuwa pambo. Chini yake palikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,331 tu, lakini yenye tabo, na Toyota wenyewe waliipa nguvu za farasi 135. Kwa gari isiyofika hata tani moja, hizo ni nguvu nyingi. Ami yangu alinunua moja mwaka 1998. Alikuwa fundi makenika mwenye gereji yake Mikunguni, na mimi nilikuwa kijana wake wa kushika tochi na kuosha nati kwa mafuta ya taa.

Nawasikia vijana wa leo wakizungumzia kuongeza tabo na kuwakwepa trafiki kana kwamba ukifanya la kwanza huna budi kufanya la pili. Mimi nimeona kinyume chake. Ami hakuwahi kumkwepa trafiki hata mmoja, na Starlet yake ilikuwa na mbio kuliko gari yoyote niliyopanda katika kisiwa hiki.

Namna tabo inavyofanya kazi alinifundisha kwa kuifungua mbele yangu. Moshi unaotoka kwenye silinda, badala ya kupotea bure, unazungusha feni ndogo. Feni hiyo imeungwa kwa shafti moja na feni ya pili, inayovuta hewa ya nje na kuisukumiza ndani ya injini. Ikiingia hewa nyingi na mafuta mengi, mlipuko nao unakuwa mkubwa. Shafti ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo inaelea juu ya utando wa oili tu. Ndiyo maana Ami hakuwa akizima gari pale pale alipofika. Msikitini alikuwa akiiacha ikiunguruma taratibu, oili iendelee kupita mpaka tabo ipoe, kwa sababu ukizima ghafla ile oili iliyobaki ndani huungua ikawa masizi magumu yanayokula shafti. Wenzake wakimpigia kelele mlangoni, "Bwana we, wanakimu!" naye bado kakaa kwenye usukani anahesabu dakika.

Tabo ya kiwandani, ile CT9, ni ndogo. Inaamka mapema, lakini ukiilazimisha inapasha hewa joto kuliko inavyoisukuma. Ami akataka kubwa. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Sharjah akazunguka kwenye maduka ya spea zilizotumika kule Sanaiya, eneo la viwanda, akapata TD04 iliyofunguliwa kwenye Subaru, akamtuma nayo mtu. Ilikuja ndani ya ndoo ya plastiki, imezungushiwa taulo. Ami aliishika shafti kwa ncha za vidole viwili, akaitikisa juu na chini, kisha akaivuta mbele na nyuma. Kucheza kidogo juu na chini si neno. Ikicheza mbele na nyuma, tabo imekwisha. Ile ilikuwa nzima.

Lakini haikukaa, matundu ya bolti hayakulingana na ya manifodi. Ami akachana kipande cha katoni, akakibandika juu ya uso wa manifodi, akaanza kukigongagonga kwenye kingo kwa upande wa mviringo wa nyundo, taratibu mno, mpaka matundu yakajichora na katoni ikakatika yenyewe. Kipande hicho ndicho tulichompelekea fundi wa mashine ya kukereza, naye akatuchongea bamba la chuma nene la kuunganishia. Kisha ikaja kazi ambayo wengi waliifanya ovyo: kuzungusha tumbo la tabo mpaka tundu la kurudishia oili litazame chini barabara. Oili huingia kwa shinikizo, lakini kutoka hutoka kwa kuteremka tu. Bomba likilala, oili inajaa, inapenya kwenye sili, na gari inakwenda inafuka moshi wa buluu mji mzima. Jioni nzima ilikwenda kwenye bomba hilo moja. Mkono wangu ulikufa ganzi kwa kushika tochi.

Kwenye mafuta ndiko nilikomheshimu zaidi. Hewa ikizidi bila petroli kuzidi, moto unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inatoboka. Toyota walilijua hilo, wakaifunza kompyuta ya gari ikate mafuta shinikizo likipita kiwango. Mjini kulikuwa na vidude vya kuidanganya hiyo kompyuta isione kitu. Ami alikataa kukifunga kidude hicho, kwake na kwa mteja, hata mteja alipoweka fedha mezani. Yeye alifunga pampu kubwa zaidi ya mafuta na kuliacha shinikizo chini ya kiwango kile kile. Tabo kubwa kwa shinikizo hilo hilo huleta hewa iliyo poa zaidi, na hewa iliyo poa ni nzito. Faida yake ilikuwa humo tu, nayo ilimtosha.

Na kabla hata ndoo ya Sharjah haijafika, alikuwa ameshamaliza breki: diski, pedi, mipira na mafuta yake. Hakuna gari iliyotoka gereji ile ikiwa na mwendo kuliko inavyoweza kusimama.

Trafiki wa siku hizo walikamata kwa sikio. Vijana walikuwa wanang'oa sailensa, wanaweka bomba tupu, halafu wanashangaa wakipigwa mkono kila mzunguko. Ami alipanua bomba la moshi lakini akafunga sailensa kubwa, na ndani ya mji ile swichi ya kiwandani ya kuchagua shinikizo dogo au kubwa hakuitoa kwenye dogo. Kingine ni kadi ya gari. Kubadilisha tabo hakubadilishi namba ya injini, lakini kubadilisha injini nzima kunabadilisha, na wapo waliopakia injini nyingine bila kuiandikisha. Hao ndio waliokuwa wakitafuta vichochoro vya kupitia.

Siku moja kwenye baraza ya kahawa vijana walikuwa wakiisifu Toyota kwa hila yake ya rali. Oktoba 1995, kwenye rali ya Catalunya kule Hispania, timu ya Toyota ilibambwa na tabo yenye hila. Sheria ilitaka hewa yote ipite kwenye pete yenye tundu la milimita 34. Wao waliitengeneza ile pete kwa namna kwamba, mpira wa hewa ukikazwa klipu, inasogea na kuacha njia ya pembeni, na mkaguzi akifungua inarudi mahali pake kwa springi. Rais wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, Max Mosley, alisema hajapata kuona hila ya ustadi kama ile. Toyota wakanyang'anywa pointi na kufungiwa miezi 12. Vijana waliona huo ni ujanja. Ami, aliyekula na kulea watoto kwa kutengeneza Toyota, alikasirika kweli. "Mafundi wenye akili ya kutengeneza kitu kile," alisema, "wangeshindwa kushinda bila ya kitu kile?"

Mwezi huo huo wa Oktoba 1995 sisi Zanzibar tulikuwa na uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Dakta Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2, mpinzani wake Maalim Seif akapewa 49.8, na katika mvutano wa kisiasa wa miaka iliyofuata askari anayekusimamisha usiku hakuwa lazima anatafuta mwendo kasi. Mtu aliyepita mbio na taa kali saa tano usiku aliweza kueleweka vingine kabisa. Ami alitukataza kutoka na ile gari baada ya isha, na hakuna aliyebishana naye.

Magharibi moja tulipigwa mkono Kiembesamaki. Trafiki, mtu mzima, sare nyeupe imepigwa pasi, akainama dirishani.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikumu salaam, afande."

"Hiyo ina tundu. Ya mashindano?"

"Ya kwendea shamba."

Akataka boneti ifunguliwe. Akatazama kadi, akaifuta namba ya injini kwa kidole chake mwenyewe, akailinganisha. Akaomba kizimamoto na pembetatu, akajaribu honi na taa za kona. Kisha akamwambia Ami akanyage mafuta.

"Mbona haina kelele?"

"Kelele za nini, afande? Watu wana watoto wachanga."

Yule askari aliinamia tabo tena, akauliza imetoka wapi na bamba lile kalichonga nani. Wakazungumza mpaka giza likaingia. Baadaye alituletea gari ya shemeji yake tuitengeneze.

Mbio tulikwenda, sitaki kuficha. Asubuhi ya Ijumaa, njia ya kusini, ukishapita Tunguu, Ami alibonyeza swichi. Sauti ilikuwa mvumo tu, na mgongo unabandikwa kwenye kiti. Ikifika miembe ya Bungi, ile inayosemwa kuwa ni ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, mguu ulikuwa umeshaondoka, kwa sababu miembe ile imesimama ukingoni kabisa mwa barabara na watoto hutokea katikati yake bila ya kuangalia. Jozani alikwenda polepole zaidi. Barabara ile ilitengenezwa upya mwaka 1996, gari zikaanza kupita kasi, na kima punju, ambao porini hawapatikani popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu, wakawa wanagongwa mmoja baada ya mwingine, mpaka yakawekwa matuta na vifo vikapungua. Ami aliwahi kusimama pale akambeba kima aliyekufa na kumlaza pembeni kwenye majani, akanawa mikono kwa maji ya rejeta tuliyobeba, tukaendelea na safari kimya.

Baada ya yaliyotokea Januari 2001, watu walipouawa kwenye maandamano, hata hiyo Ijumaa aliiacha. Alipoiuza gari mwaka uliofuata, mnunuzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwanza Ami aling'oa TD04 na kurudisha CT9 ya kiwandani. Kijana aliomba auziwe na ile kubwa pembeni, akaongeza bei, akamtuma na baba yake aje kuomba. Ami aliwakaribisha chai wote wawili na hakuiuza. Tabo ile alikuja kuifunga kwenye Subaru ya dereva wa teksi wa Mwanakwerekwe ambayo tabo yake ilikuwa imekufa, kwa bei ya kazi tu, na Subaru ile nimeipanda mwenyewe hadi Nungwi.