Babu wa Kighare na utani uliotuchelewesha

Basi la Arusha lilinishusha Mwanga mjini saa nane mchana, jua likiwaka. Nikaingia kwenye Noah ya kwenda Usangi, nikabanwa katikati ya gunia la mchele na mama mwenye mtoto mgongoni. Huku chini ni vichaka vya miiba na vumbi. Kona chache baadaye hewa inabadilika. Migomba inaanza, miti inazidi, na ukigeuka nyuma unaliona Bwawa la Nyumba ya Mungu liking'aa kule bondeni. Ukifika juu unatafuta sweta.

Nilikuwa naenda Kighare, kwa Babu. Safari hii Babu hakuwepo kunipokea.

Kighare ni kata ya Usangi, katika milima ya Upare Kaskazini. Zamani watu wa huku na wa Same walikuwa wilaya moja, Pare, hadi 1979 Mwanga ilipopewa wilaya yake. Babu alikuwa akisema serikali imegawa wilaya, lakini imeshindwa kugawa makande. Alizaliwa 1945, mwaka ambao Wapare waligomea kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru na wanaume wakakusanyika Same kuipinga. Kila Bibi alipolalamika kwamba mumewe ni mbishi, Babu alijibu, "Mimi nimezaliwa kwenye mgomo, ulitegemea nini?"

Hakuna aliyekaa naye bila kucheka. Mimi, mjukuu wake, aliniita "mke mdogo", na Bibi akaniita "mke mwenzangu". Harusini alicheza hadi vijana wakakaa chini. Msibani aliwatania Wachaga, watani wetu, hadi wafiwa wakatabasamu. Ule utani wa kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, aliusimulia yeye mwenyewe kabla Mchaga hajafungua mdomo.

Baba yangu anamkumbuka kwa jambo jingine. Zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa dogo ambalo Wapare hulitumia kukusanya maji ya kumwagilia, ilipoangukia alfajiri, Babu aliwaamsha watoto kwa kuimba, si kwa fimbo. Walikwenda shambani gizani wakicheka. "Sikujua kwamba ile ni kazi mpaka nilipokua," Baba ananiambia.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi kuhusu shinikizo la damu. Najua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hilo hawajui kama wanalo, kwa sababu mara nyingi haliumi wala halitoi ishara. Krismasi ya 2022 nilimuuliza, "Babu, umeshapima presha?"

Akanijibu, "Mke mdogo, presha ni ya wenye magari. Mimi natembea kwa miguu."

Tulicheka wote, nami nikacheka. Sikuuliza tena.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja, Babu alitoka chumbani akizungumza kwa kukokota maneno, mdomo umekwenda upande. Waliokuwa barazani walicheka. Walidhani anamwigiza mlevi, maana ulikuwa mchezo wake wa siku nyingi. Kikombe cha chai kilipomponyoka mkono wa kulia, walicheka tena. Bibi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Huyu hatanii," alisema. Saa zilikuwa zimeshapita kabla ya kupata gari la kumteremsha. Kilikuwa kiharusi. Aliishi siku nne.

Sisemi kwamba tungewahi angepona. Sijui. Ninachojua ni kwamba kiharusi hakisubiri, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Dalili zake si ngumu kukumbuka: uso kwenda upande, mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu, maneno kukokota ghafla. Ukiona hata moja, usisubiri ipite na usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali hapo hapo, hata kama mgonjwa ni mtani wa ukoo mzima.

Safari hii nilibeba kipimo cha presha kwenye begi. Baada ya kusafisha kaburi, lililo kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe, tulikaa barazani nikampima kila mtu. Bibi alikuwa salama. Baba mdogo alisoma 168 kwa 102. Kikomo ambacho wataalamu hukitumia ni 140 kwa 90, ingawa kipimo kimoja hakitoshi na lazima mtu arudie siku nyingine, kisha amwone daktari.

Baba mdogo akacheka. "Hicho kimashine kimechoka na safari ya Noah," alisema.

Hakuna aliyemfuata. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Baba yako naye alichekesha."

Kesho yake asubuhi waliongozana wawili kwenda zahanati, Bibi mbele na fimbo yake, mwanawe nyuma kama mtoto wa shule. Alipima tena, ikawa bado juu, akaanzishiwa dawa.

Wazazi wenzangu mnaosoma, na sisi ambao bado ni watoto wa watu, mkienda nyumbani likizo hii muwabebee wazee sukari na kanga kama kawaida. Lakini waulizeni pia kuhusu presha, na wakijibu kwa utani, chekeni, halafu muulize tena.

Jioni ile Bibi alipika makande. Niliyaonja nikaona chumvi imepungua, nikamtazama.

"Kula, mke mwenzangu," akasema. "Mume wetu angelalamika, lakini hayupo."

Tukacheka, kisha tukanyamaza kidogo, tukaendelea kula.