Waliotupimia Dhahabu Mpanda

Baba mdogo alikuwa mnunuzi wa dhahabu Mpanda kabla Mkoa wa Katavi haujazaliwa, enzi tungali Rukwa na kila jambo la serikali likiamuliwa Sumbawanga. Chumba chake kilikuwa Makanyagio, nyuma ya duka la vitenge: meza, mizani ya visahani viwili, kandili, chupa ndogo ya asidi ya naitriki na jiwe jeusi linaloenea kiganjani. Vijana walifika kutoka Ibindi, Magamba, Singililwa na Dirifu, dhahabu imefungwa kwenye karatasi ya sigara. Yeye ndiye aliyewaambia walikuwa wamebeba nini. Hawakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Nilijifunza kazi kwake miaka ya tisini. Hapakuwa na daftari wala mtihani. Alisugua dhahabu ya mteja juu ya jiwe mpaka ukabaki mstari wa njano, kisha akasugua pembeni yake vipande vyake mwenyewe ambavyo karati zake alizijua, alivyopewa na sonara wa Kihindi wa Tabora aliyemfundisha. Akadondosha asidi juu ya mistari yote. Naitriki haili dhahabu, ila shaba na fedha huzila, kwa hiyo mstari hafifu hufifia na mstari mzuri hubaki. Kwa karati 18 kwenda juu naitriki peke yake haisemi kitu, lazima uongeze asidi ya chumvi kidogo. Kiasi gani? Hilo alilifanya amenipa mgongo hadi mwaka wangu wa pili.

"Ukimfundisha muuzaji kupima," aliniambia siku moja, "umefunga duka."

Hakuwa mwizi, na waliomfahamu wanalijua hilo. Lakini sentensi ile ndiyo iliyoeleza biashara nzima ya wakati ule. Mtaji wa mnunuzi haukuwa fedha tu, maana nyingi zilikuwa za matajiri wa mbali. Mtaji wake hasa ulikuwa kujua kitu ambacho mwenye mali hakijui. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo bila maswali mengi, mali iliyokuwa ikipita kichakani ilitoka hadharani kwa muda. Baadaye ununuzi ukarudi mikononi mwa watu binafsi, na ujuzi wa kupima ukabaki palepale, nyuma ya maduka.

Kisa kilichorudiwa mara nyingi kuliko vyote ni cha zebaki. Mchimbaji anachoma mchanganyiko wake wa dhahabu na zebaki kwa mkaa mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia, anaona donge la njano, analipima kwa jirani, anafurahi. Akifika mjini, mnunuzi analichoma tena na uzito unashuka. Mtu anaona ameibiwa mbele ya macho yake. Mara nyingi hakuna aliyeiba: moto wa mwaloni hauitoi zebaki yote, na iliyobaki ndiyo inayotoka kwenye moto mkali wa mjini. Ilitosha kumweleza dakika tano. Hakuna aliyemweleza, na ugomvi uliotokana na dakika hizo tano niliuona kwa macho yangu, mapanga yakiwa nje.

Niseme kidogo kuhusu saa, maana nazo zilipita mezani. Kijana akipata dhahabu ya kueleweka alinunua saa, na zikiisha fedha aliirudisha kuiweka rehani. Rado ndiyo ilikuwa fahari, na za bandia zilijaa. Baba mdogo alipitisha wembe kwenye ganda. Rado ya DiaStar, iliyoanza kutoka mwaka 1962, ganda lake ni la tungsteni kabaidi na wembe haulichori. Ya bandia ilibaki na kovu, na mwenyewe akabaki na hasira. Nalitaja kwa sababu tungsteni hiyo tutakutana nayo tena.

Mizani ya kidijitali ilipoenea, tulianza kupima kwa maji. Unapima dhahabu hewani, kisha unaipima ikiwa imening'inia ndani ya maji, halafu unagawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya mapimo hayo mawili. Dhahabu safi inatoa 19.3. Chukua kipande cha gramu 10 kinachosoma 9.40 majini: tofauti ni 0.60, jibu ni 16.7 hivi. Wanunuzi wengi walikuwa na jedwali limebandikwa ukutani, wanasoma namba na kutaja bei. Tatizo ni kwamba jedwali lile linadhani kilichochanganyika na dhahabu ni fedha. Kama ni fedha, 16.7 ni dhahabu ya asilimia 81. Kama ni shaba, namba hiyohiyo ni asilimia 86. Na miamba ya Mpanda ina vyote, dhahabu, shaba, fedha na risasi, katika mishipa ileile. Mji wenyewe ulikua kwa risasi: reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi wa Uruwira, uliofungwa karibu na Uhuru. Jedwali la kununuliwa halijui hayo. Asilimia tano za kila kipande zilikuwa zinaingia mfuko wa mtu, na sidhani zilikuwa zinaingia wa mchimbaji.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2019. Tarehe 22 Januari Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam, wakamweleza kero zao. Haikupita miezi miwili sheria ikabadilishwa, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ya zuio ya asilimia 5 zikaondolewa kwao, na soko la madini la kwanza likafunguliwa Geita mwezi Machi. Mpanda nayo ikapata soko lake. Sasa dhahabu inayeyushwa na kupimwa mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, kwa mashine ya XRF inayoonyesha kwenye kioo asilimia ya kila metali. Masoko yalipoanza, serikali ilichukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mara ya kwanza kumwona mchimbaji wa Dirifu akisoma mwenyewe asilimia ya mali yake na kuanza kubishana bei, nilijua chumba cha Makanyagio kimekwisha.

Baba mdogo alikwenda kuitazama mashine hiyo. Aliuliza swali moja tu: "Inaona ndani?"

Binti wa dada yangu, aliyesoma Chuo cha Madini Dodoma, ndiye aliyemjibu. "Hapana, babu. Inasoma juu juu, hata unene wa unywele haifiki." Akaeleza mwenyewe kwamba ukikichemsha kipande kwenye asidi, shaba na fedha za juu zinaliwa na ngozi inabaki ya dhahabu nzuri, nayo mashine inaisifia. Dawa yake ni kukiyeyusha na kukikoroga, au kukikwangua kwa tupa na kupima jeraha. Kisha wakaingia kwenye tungsteni: kwa kipimo cha maji inatoa 19.25, namba inayoikaribia mno ile ya dhahabu, kwa hiyo kipande kilichofichwa tungsteni ndani kinapita kwenye maji bila shida. Jiwe nalo linadanganywa na kilichopakwa dhahabu. Walikaa mpaka jioni wakihesabu uongo wa kila kipimo, mzee wa darasa la nne na binti mwenye stashahada, na sikuona nani alikuwa mwalimu. Pale ndipo nilipomsikia binti akieleza upimaji kwa moto: sampuli inayeyushwa pamoja na risasi kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, risasi inaondoka na metali duni zote, na kitone kinachobaki ni dhahabu na fedha tu. Mzee alicheka sana kusikia kwamba risasi ya Mpanda ingeweza kuisemea dhahabu ya Mpanda.

Kinachonikera ni kwamba mazungumzo kama yale bado ni bahati ya familia moja. London wanawafanyia mitihani wataalamu wa vito tangu kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Sisi tuna Kituo cha Jemolojia Arusha kinachofundisha kutambua, kukata na kung'arisha vito, na tuna Chuo cha Madini Dodoma. Mwaka 2020 mchimbaji wa Mirerani alipolipwa zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mawe mawili ya tanzanaiti yaliyothaminishwa na serikali, nchi nzima iliona kazi ya mthaminishaji aliyesoma. Lakini vijana wanaoshika mizani Katavi, hata baada ya lami kutufikia kutoka Tabora, wengi wanajifunza kama nilivyojifunza mimi, kwa kusimama nyuma ya mtu. Mashine wamepewa, na mafunzo wengi wanapata ya kubonyeza kitufe tu.

Tume ya Madini na vyuo hivyo viwili walete kozi fupi Mpanda, ya jiwe, maji, XRF na moto, wazi kwa wanunuzi na wachimbaji pamoja, na mwenye kuhitimu apewe cheti ambacho muuzaji anaweza kudai kukiona. Nawe unayepeleka dhahabu sokoni, omba iyeyushwe ukiwepo, omba ipimwe pande zote mbili, na usitoke mlangoni bila karatasi yenye uzito na asilimia yake.