Senema Iliyohamia Nyumbani

Zamani mtu alikwenda senema. Siku hizi senema humjia mtu. Badiliko hili limeingia majumbani kwa hatua ndogo ndogo: kwanza kwa televisheni, kisha kwa kanda za video, kisha kwa diski, na sasa kwa simu ambayo mwenyewe huilaza chini ya mto wake. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikaanza kupata yake mwaka 1994. Kwa kuwa badiliko lilikuja polepole, wengi hawakusimama kujiuliza limewapa nini na limewanyima nini. Swali hilo lastahili jibu, maana asiyejua alichopewa hawezi kukitumia, na asiyejua alichonyimwa hawezi kukitafuta.

Katika miaka ya 1950 na 1960 picha ilikuwa mgeni apitaye njia. Ilikuja mjini kwa siku chache, ikaonyeshwa Unguja, Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, kisha makasha yake yakafungwa ikasafirishwa kwenda mji mwingine. Aliyeikosa aliikosa, na aliyeiona alibaki na kumbukumbu tu. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliishi katika vinywa vya watu wa pwani muda mrefu kuliko ilivyoishi juu ya kitambaa cheupe. Watu waliimba nyimbo zake bila ya kujua Kihindi, na barazani walibishana kama hakimu yule alikuwa na haki ya kumfukuza mkewe mjamzito. Kumbukumbu ni hazina, lakini ni hazina isiyo na mlinzi. Kila mwaka huibiwa kitu kidogo na kuongezewa kitu kidogo, na mwishowe mtu husimulia kwa kiapo picha ambayo haikupata kupigwa na mtu yeyote duniani.

Zawadi ya kwanza ya senema ya nyumbani, basi, ni marudio. Msomaji wa kitabu amekuwa na neema hii tangu zamani: akishuku maneno, hufungua tena ukurasa. Mtazamaji hakuwa nayo. Leo anaweza kusimamisha picha, kuirudisha nyuma, kuitazama usiku wa leo na kuitazama tena baada ya miaka 20. Anaweza kuihoji kama kadhi anavyomhoji shahidi. Tena, jambo ambalo pengine hakulitarajia, picha nayo humhoji yeye.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyopigwa Roma na Vittorio De Sica mwaka 1948. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Antonio, mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi, anapata kazi ya kubandika matangazo kutani, kwa sharti la kuwa na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka ya vitanda vyao na kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji kuitafuta, wasiipate. Jioni baba anashikwa na tamaa, anaiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa mbele ya macho ya mwanawe, na mwenye mali anamwachilia kwa kumwonea huruma mtoto.

Kijana wa miaka 20 anayeitazama picha hii mara ya kwanza huona wizi, na hasira zake zote humwendea mwizi. Akiitazama tena naye ni baba wa watoto, macho yake humfuata Bruno. Humwona akiipangusa baiskeli kwa upendo na kunung'unika kwamba wenye duka la rehani wameibonyeza. Humwona, kabla ya kutoka alfajiri, akifunga dirisha ili mwangaza usimsumbue mtoto mchanga kitandani. Mambo hayo yalikuwamo tangu mwanzo. Aliyeongezeka ni mtazamaji. Akiitazama mara ya tatu huona duka la rehani lenyewe. Mfanyakazi anabeba furushi la mashuka ya Maria, anapanda rafu kama ngazi, na anapanda tena, na pande zote yamelundikana mafurushi mengine hata darini. Hapo mtazamaji hutambua kwamba kumbe mji mzima ulikuwa ukilala bila mashuka, na hasira zilizokuwa zikimwendea mwizi mmoja hutafuta pengine pa kwenda. Jambo hilo huonyeshwa kwa muda mfupi mno. Asiyerudia huenda asilione milele.

Marudio yana nguvu nyingine, nayo ilidhihirika katika nyumba moja ya Unguja. Bibi mmoja aliiona Mother India, picha ya Mehboob Khan iliyotoka mwaka 1957, alipokuwa binti wa miaka 14, katika maonyesho ya wanawake peke yao. Siku hiyo yeye na wenzake walikuwa upande wa Birju, kijana mkaidi anayetaka kumlipizia kisasi mkopeshaji aliyewafilisi wazazi wake. Mama yake, Radha, aliyeigizwa na Nargis, anapompiga mwanawe risasi ili kulinda heshima ya binti wa watu, ukumbi mzima ulilia, na binti yule akatoka amemchukia Radha. Aliendelea kumchukia kwa zaidi ya miaka 60, na katika miaka hiyo alizaa na kulea wana wanne.

Uzeeni aliitazama tena pamoja na mjukuu wake. Radha alipoinua bunduki, bibi alisema, "Simamisha, mjukuu wangu." Mjukuu akabonyeza kitufe. Radha akasimama pale ukutani, bunduki mkononi, na mwanawe yu hai. Chai ililetwa, ikanywewa kimya kimya. Mjukuu akauliza, "Bibi, nizime kabisa?" Bibi akajibu, "La, mwanangu. Mwache afanye. Mimi nimemtukana miaka yote hii, na mwenzangu alikuwa mama." Katika ukumbi wa zamani hapakuwa na mtu wa kuizuia risasi ile. Nyumbani ilizuiwa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na muda huo ulitosha kuibatilisha hukumu iliyodumu karibu maisha mazima.

Zawadi ya pili ni ugunduzi. Upya wa picha hauhesabiwi kwa mwaka wa kutengenezwa kwake, bali kwa siku ya kukutana nayo. Mandabi ya Ousmane Sembène ilipigwa Dakar mwaka 1968, kwa lugha ya Kiwolofu. Nakala yake iliyokarabatiwa ilitolewa kwenye diski mwaka 2021, na kwa wengi walioipata ndipo ilipozaliwa. Ndani yake Ibrahima Dieng anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Faranga 2,000 tu ndizo zake. 3,000 ni za dada yake, na 20,000 ni amana. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ambayo mzee haijui. Habari za fedha zimekwisha kuenea mtaani, na wadai wamekwisha kuja mlangoni. Mwisho fedha huliwa na ndugu msomi aliyejitia kumsaidia. Mswahili aliyepata kutumwa kutoka dirisha moja hadi jingine kwa ajili ya karatasi hahitaji kuambiwa Dakar iko wapi. Amekwisha kufika.

Na picha mpya nazo hurudisha watu kwenye mambo ya kale. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, nayo ilitunukiwa Tanit ya Dhahabu huko Carthage, Tunisia, mwaka 2022. Mwanafunzi aliyeisoma riwaya kwa ajili ya mtihani, akaitazama picha, kisha akairudia riwaya, hugundua kwamba Yasmin na Denge wa kitabuni si wale wa kwenye picha. Kutoka katika tofauti hiyo hujifunza sanaa mbili kwa mara moja: ile inayosema kwa maneno, na ile inayosema kwa mwanga.

Lakini kila zawadi ina ushuru wake. Mtazamaji wa nyumbani ni mfalme, na mfalme akichoka huamuru. Huruka palipo kimya, huharakisha palipo polepole, huacha picha katikati ili ajibu simu, kisha husema ameiona. Atakayeharakisha mwendo wa mwisho wa Antonio na Bruno, mikono yao imeshikana katikati ya umati, atajua kwamba baiskeli haikupatikana. Hatajua ni kitu gani kilichopatikana mahali pake. Uwezo wa kusimamisha picha ulimfaa bibi wa Unguja kwa sababu alisimama ili afikiri. Asimamaye kwa kuwa amechoka hafaidi kitu.

Ushuru wa pili ni upweke. Ukumbini mtu alicheka kwa kuwa 500 walicheka, na aliporudi kwa miguu usiku alifasiriwa na wenzake mambo aliyoyakosa. Hata vibanda vya video vya mitaani, ambavyo watu wamevipa jina la vibanda umiza, vilijua siri hii: wafasiri walisema Kiswahili juu ya sauti za Kihindi, Kichina na Kiingereza, ili asiyejua kusoma maandishi ya chini asiachwe nyuma. Nyumbani mzee huyo huachwa sebuleni mbele ya maandishi mbio mbio, na mjukuu amejifungia chumbani na simu yake. Kila mmoja ana nusu ya picha. Mjukuu ana lugha ya maandishi. Mzee anazo nyimbo, desturi na zama zilizoizaa. Wasipokaa pamoja, nusu hizo hazikutani, na nusu ya mzee ina mwisho wake usio mbali.

Kwa hiyo mwenye nyumba aliyeletewa senema hana budi kuuleta na ukumbi. Gharama yake si kubwa: usiku mmoja katika juma, simu zimewekwa kando, mkeka mmoja, picha moja iliyochaguliwa kwa makini, mzee mmoja na mtoto mmoja wasiopungua. Mara ya kwanza itazamwe mpaka mwisho bila kukatwa. Mtoto awasomee wasioyaona maandishi, na mzee aulizwe aliiona wapi, na nani, na alilia wapi. Majibu hayo hayamo katika diski yoyote wala hayatakarabatiwa na mtu. Yatazamwe yangalipo.