Waridi la Jangwani na Amana ya Watoto

Alasiri moja tulipanda mashua kutoka mjini Lamu hadi Shela kuwazuru jamaa zetu. Uani mwao tuliona, ndani ya chungu, mti uotao wenyewe katika nyika kavu za Kenya: waridi la jangwani. Shina lake limevimba mfano wa mtungi, kwani humo ndimo uhifadhimo maji. Wakati wa ukavu hupukutisha majani. Maua yake ni mekundu, yenye koo jeupe.

Mwenye nyumba alitueleza kwamba mti wake wa kwanza ulimwozea. Kwa mapenzi aliunywesha asubuhi na jioni, na israfu ya maji ikauangamiza. Mti huu wataka jua kamili, udongo wa kichanga, chungu chenye tundu, na maji pale tu udongo ukaukapo.

Tungali twazungumza, mjukuu wake akavunja tawi. Tulimshika mkono upesi, akaoshwa kwa sabuni kabla hajautia kinywani. Utomvu huo ni sumu ya moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka mishale yao.

Enyi mama zetu, pambeni nyumba zenu, kwani uzuri ni neema. Lakini chungu hiki kiwekeni mahali pasipofikiwa na watoto. Hao ndio amana iliyo kubwa zaidi.